Redio Katika Gari ya Mwalimu Micah

Olenguruone
10 Machi 1953

Kwa shemeji yangu Kipkorir, gereji, Nakuru.

Pokea salamu zangu na za mama yenu. Mvua bado, ng'ombe wamekonda, lakini watu tupo.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule ya misheni, sio kwa Kikipsigis, kwa sababu barua zikilala dukani kila mtoto anayejua herufi anazifungua. Hii wakiifungua, angalau watoke jasho kidogo.

Jambo ni hili. Kaka yako Kipkemei tangu aende vitani nchi ya Malaya na Keya, jeshi la Mwingereza, alikuwa akituandikia. Tangu mwaka jana mvua zilipokwisha, kimya. Wenzake wamerudi. Mmoja alipita hapa akasema lori lao lilikanyaga bomu msituni, na Kipkemei alibebwa kwa machela, na yeye hakumwona tena. Basi baba yenu mdogo, Mzee Kemboi, amesema mtu aliyenyamaza hivi amekufa, na mfu ambaye watu hawajamnyolea vichwa hamwachi mtu alale. Anataka mimi na mama na ndugu wote tunyoe vichwa tuomboleze.

Unajua kinachofuata. Nikinyolewa ni mjane, na mjane wa kaka huenda kwa mdogo wake. Mdogo ni wewe.

Sina ubaya na wewe, Kipkorir. Lakini mimi nina mume. Wembe nimeukataa mbele ya wazee, na tangu siku hiyo wanawake wenzangu wakinikuta kisimani wanageuza maneno, wanaongea habari ya kuku. Mama yuko katikati. Asubuhi anasema mwanangu yu hai, jioni analia kilio cha matanga.

Tafadhali nenda ofisi ya D.C. uulize. Wewe uko karibu na serikali, sisi tuko karibu na msitu tu.

Ni mimi shemeji yako,
Chepchirchir

~

Nakuru
24 Machi 1953

Shemeji Chepchirchir,

Barua yako niliisoma nikiwa chini ya gari, mafuta yakinidondokea, na sikutoka mpaka nilipoimaliza.

Ofisini nilikwenda. Karani alifungua majalada, akafunga, akasema jina la Kipkemei halipo kati ya waliokufa, na halipo kati ya wanaorudi. Nikamwuliza, sasa yuko kati ya watu gani? Akaniambia ngoja nje. Nilingoja nje mpaka wakafunga.

Lakini kule Lanet kwenye kambi nilimpata askari aliye likizo, akaniambia neno. Stesheni ya Nairobi, kila Jumapili saa kumi na moja jioni, inatoa salamu za askari waliojeruhiwa. Sio kusomewa na mtangazaji. Wanawaendea hospitalini na mashine, wanachukua sauti zao wenyewe. Kama Kipkemei yuko kwenye kitanda popote, siku moja watamfikia.

Mimi siwezi kusikiliza. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, Jumapili yote tunatengeneza magari ya polisi. Na hata ningesikia, neno langu lingefika kwenu likiwa baridi. Kwa hivyo nimefikiria hivi. Mwalimu Micah, yule mhubiri anayepanda huko kwenu, ana gari ya Kiingereza ya kabla ya vita, na amekuwa akililia redio siku nyingi. Hapa gereji kuna redio iliyotolewa kwenye gari lililopinduka njia ya Njoro, nzima kabisa. Tajiri mwenye gereji amekubali Mwalimu aichukue, na mimi nitaifunga. Ikishaingia, gari itapanda mpaka mlangoni kwa mama, na wote mtasikia kwa masikio yenu.

Usinyoe. Nipe muda.

Kipkorir

~

Olenguruone
7 Aprili 1953

Shemeji,

Mzee Kemboi nimemweleza. Amekubali kungoja mpaka mwezi wa mbinguni wa Mei ufe. Ukifa, wembe. Na amesema jambo la redio ni zuri, maana wewe peke yako hawakuamini. Wanasema kijana wa mjini hataki mzigo wa mjane, kwa hivyo ataapa kwamba kaka yake yu hai hata kama amemzika yeye mwenyewe. Mimi nami hawaniamini, kwa kuwa ninalia vibaya. Ati mke anayejua mumewe yu hai halii usiku.

Mzee si mbaya. Watoto wawili wa nyumba yake wameugua, na anaogopa. Lakini kuogopa kwake ndiko kutaninyoa.

Fanya upesi.

Chepchirchir

~

Nakuru
17 Aprili 1953
Kwa mkono wa Mwalimu Micah

Shemeji Chepchirchir,

Redio imo. Nimeifunga chini ya dashibodi kwa vyuma viwili, na fimbo ya kunasa sauti iko upande wa kushoto, juu ya gurudumu la mbele. Watoto wasiipande.

Kazi hii ningeifanya na Ngigi, fundi wa umeme aliyenifundisha nyaya. Lakini Ngigi hayupo. Wiki iliyopita Wakikuyu wa mtaa wetu walipakiwa kwenye malori, wakapelekwa kwao Nyeri na Fort Hall, na kwenda huko wengine hawajawahi. Mkewe Wamuyu alipanda na sufuria ya ugali, bado ya moto. Ngigi alinipungia mkono tu. Siandiki zaidi.

Redio niliijaribu juu ya meza, kwa betri ya lori, ikaimba vizuri. Ndani ya gari yenyewe sijaijaribu, kwa sababu betri ya Mwalimu ilikuwa duka la pili inachajiwa, na ataiweka mwenyewe kesho akiondoka. Ni betri kuukuu. Kwa hivyo nimemwonya asifungue redio njiani hata kidogo, asije akaimalizia nguvu kwenye nyimbo.

Sasa sikiliza. Gari ikifika, izimwe injini kwanza. Injini ikinguruma plagi zinatoa cheche, na redio inazisikia zote, itakuwa kama bisi kwenye kikaango. Izimwe, halafu ufungue kitufe cha kushoto. Haitasema mara moja. Ina taa ndani ambazo lazima zipate moto. Watu watasema imekufa, usiwasikilize. Hesabu pole pole mpaka mia.

Naomba Mungu asikie.

Kipkorir

~

Olenguruone
20 Aprili 1953

Kipkorir,

Gari ilikuja. Mzee Kemboi alikuja, na wazee wengine, na wanawake wote wa kisimani, na mama akakalishwa kiti cha mbele akiwa amejipaka mafuta kama mtu wa harusi. Mwalimu alizima injini. Nikafungua kitufe cha kushoto. Nikaanza kuhesabu.

Sikufika ishirini. Kulitoka harufu, kisha moshi, moshi mzito wa kunuka kama nywele zikiungua. Mwalimu akapiga kelele, akang'oa waya. Mama alishindwa kufungua mlango na tukamvuta nje. Ndiyo sauti ya Kipkemei tuliyoisikia.

Mzee Kemboi hakucheka. Heri angecheka. Alisema, "Mwanangu, hata chombo cha Wazungu kimekataa kumtaja."

Usiku kucha nimewaza. Wewe unatengeneza magari ya polisi, na yanakwenda. Unatengeneza malori, yanakwenda. Kitu kimoja nilichokuomba mimi ndicho kimeungua. Watu wote wanadhani hunitaki. Lakini mimi nina macho, Kipkorir. Siku ya harusi yangu watu wote walicheza, wewe ulikaa nyuma ya ghala. Nakuuliza wazi wazi: ulitaka iungue?

Chepchirchir

~

Nakuru
27 Aprili 1953

Shemeji,

Umeuliza wazi, nitajibu wazi.

Kwanza redio. Kosa ni langu. Kila betri ina midomo miwili, mmoja wenye alama ya kujumlisha, mwingine alama ya kutoa, na mdomo mmoja lazima ufungwe kwenye chuma cha gari. Mimi nilijifunza kwa malori ya Kiamerika, kambi ya Gilgil, na kule mdomo wa kutoa ndio unaofungwa kwenye chuma. Nikadhani magari yote ni hivyo, kama vile mtu anavyodhani watu wote wanakamua ng'ombe upande mmoja. Gari ya Mwalimu imefungwa kinyume, na Mwalimu aliirudisha betri vile vile ilivyokuwa siku zote. Umeme ukaingia redioni kinyumenyume. Ngigi angetazama betri kabla ya kushika waya. Mimi nilitazama waya tu. Na kule kumwonya Mwalimu asiifungue njiani ndiko kumewapelekea moshi mlangoni, la sivyo ingeungua hapa hapa Nakuru nikaiona.

La pili. Ndiyo, nilikaa nyuma ya ghala. Nikisema sikutamani kuwa mahali pa kaka yangu, nitakuwa mwongo, na wewe umeshajua. Lakini kutamani sio kufanya. Ningetaka iungue, ningekaza skrubu moja vibaya na hakuna mtu angejua. Sikukaza vibaya. Niliyehangaika ninyi mmsikie Kipkemei ni mimi, na nilipokuwa nikipitisha ule waya nilijua redio ikinena, mimi nimekukosa. Niliupitisha. Hilo ndilo jibu langu, na sitalirudia tena.

Nimebadilisha vilivyoungua. Kikopo kimoja cha kutunzia umeme kilikuwa cheusi kabisa, nimekipata kingine kwa Mhindi wa barabara kuu, akanifokea kwanza kwa ujinga wangu. Safari hii nimeijaribu ndani ya gari, na betri ya gari, mlango umefungwa na mimi ndani. Imesema.

Mwalimu atapanda tarehe kumi Mei, Jumapili ya mwisho kabla mwezi haujafa. Mwambie Mzee Kemboi nampigia magoti aje mara moja zaidi.

Kipkorir

~

Olenguruone
11 Mei 1953

Kipkorir,

Nisamehe kwa barua yangu ile. Nikimaliza kukueleza ya jana, utaona hali niliyo nayo.

Wanawake wa kisimani hawakuja. Alikuja Mzee Kemboi, na mama, na Mwalimu. Mama alikataa kuingia garini, akasimama nje ameshika mlango. Injini ikazimwa. Nikafungua. Nikahesabu, na nilipopita hamsini ikaanza kuvuma, halafu mtu akaongea Kiswahili kilichonyooka, ati hapa ni Nairobi. Mzee aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka, kisha akarudi akaweka sikio dirishani.

Askari walisema mmoja mmoja. Mkamba, Mjaluo, Mluhya aliyemsalimu mkewe Naliaka mpaka wakamkata. Wote wanasema niko salama, msiwe na wasiwasi. Nikawaza, imekwisha, hayumo. Halafu nikasikia akikohoa. Kipkorir, kabla hajasema jina lake nilimjua kwa kile kikohozi.

Akasema kwa Kiswahili: "Mimi ni Kipkemei, mtu wa Olenguruone. Niko hospitali hapa Nairobi. Namsalimu mama, namsalimu baba mdogo Kemboi, namsalimu ndugu yangu Kipkorir. Naendelea vizuri."

Mama alipiga kigelegele mpaka mbwa wakabweka. Mzee akasema, "Yu hai! Wallahi yu hai!" na yeye si Mwislamu.

Lakini alikuwa hajamaliza. Akageuza, akasema kwetu, kwa Kikipsigis, haraka haraka kama mtu anayemwaga maji kabla hajakamatwa. Alisema: "Mikono yangu yote miwili imebaki msituni. Sina cha kushikia jembe wala kijiko. Sitaki kurudi hivi. Mninyolee. Chepchirchir aende kwa Kipkorir, ni mtu mzuri." Ndipo mtangazaji akaingia akasema, "Ahsante sana Kipkemei, kwa salamu hizo tamu." Maskini, hakujua. Alidhani anasalimia ng'ombe wake.

Kigelegele cha mama kilikatikia njiani. Mkono ulibaki mdomoni. Mimi nilizima redio, kwa sababu nyuma yake walikuwa wameweka muziki wa kucheza.

Mwisho Mzee Kemboi akavua kofia akasema, "Amesema mwenyewe. Tutakaa tuongee." Wote wakanitazama. Sikulia. Miezi yote hii nililia kwa kimya chake, na sasa amesema, machozi hayakuja.

Yuko Nairobi, shemeji. Yuko safari ya siku moja kutoka hapo ulipo, na alikuwa amejificha. Mimi siwezi kumwuliza. Nakuuliza wewe, kwa kuwa amenitoa kwako kama mbuzi mbele ya nchi nzima: utasema nini?

Chepchirchir

~

Nairobi
19 Mei 1953

Shemeji,

Nimesema hivi: siwezi kuoa mke wa mtu anayepumua. Hata yeye mwenyewe akinipa. Hayo yamekwisha.

Tajiri alinipa ruhusa ya siku mbili na barua ya njia ya kuonyesha polisi, nikaja kwa gari moshi. Nimempata. Wodi ni ndefu, na yuko kitanda cha karibu na ukuta. Amekonda, lakini uso ni ule ule. Mikono imekatwa chini ya viwiko, yote miwili, na vidonda vimepona. Madaktari wangemruhusu zamani. Ni yeye anayesema kichwa kinamuuma, tumbo linamuuma, mradi abaki. Muuguzi alitaka kumwandikia barua, akakataa. Mashine ya redio ilipopita, akaona hapo ndipo pa kusema mara moja amalize.

Aliponiona aliniambia, "Umekuja kunishukuru?"

Nikamwambia nimekuja kumchukua. Akacheka, cheko baya. "Unichukue nikakae jikoni kwa mama nikingoja kupanguswa? Askari wa Keya? Nani atanifunga kifungo? Nani atanishika nikienda chooni? Chepchirchir? Msichana aliyeniona nikiangusha mti kwa shoka?" Nikasema, ndiyo, huyo huyo. Akageukia ukuta.

Nilikaa pale mpaka kengele ya wageni ikapigwa. Nilimwambia habari ya moshi, na mama na mafuta yake, na Mzee Kemboi sikio dirishani. Nilidhani atacheka. Mabega yalitikisika, lakini hakugeuka.

Maneno yangu hayamfikii. Anaona mimi ni yule atakayefaidi, hata nikikataa. Andika wewe. Tuma kwa gereji, nitaomba ruhusa tena nirudi mwisho wa mwezi. Nitasimama kando ya kitanda nimsomee, kila neno kama lilivyo, hata yale yatakayoniuma mimi. Muuguzi asisome. Kiswahili chako akisome mtu wa nyumbani.

Na baba mdogo? Mwezi umekwisha kufa. Naogopa kuuliza.

Kipkorir

~

Olenguruone
27 Mei 1953

Kwa mume wangu Kipkemei, kwa mdomo wa mdogo wako Kipkorir.

Mwaka mzima nilitaka sauti yako. Nimeipata, na niliposikia ulichosema nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Bado nimekasirika. Usifikiri barua hii ni ya kukubembeleza.

Wazee walikaa baada ya mwezi kufa. Wengi walisema mtu akiagiza mwenyewe, aheshimiwe. Mzee Kemboi aliwaacha wakachoka, kisha akasimama, yeye aliyekuwa akinitishia wembe tangu Machi. Akasema: "Mimi nimenyolea watu wengi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia ninyolee. Maiti haiagizi wembe. Huyu anaagiza, basi ni mtoto wetu, na ana kiburi, kama baba yake." Wakaenda nyumbani. Wembe uko kwake, anautumia kukatia kwato za ng'ombe. Hakuna wa kukuombolezea huku, Kipkemei. Umechelewa.

Sasa mimi. Ulisalimu mama. Ukasalimu baba mdogo. Ukasalimu ndugu yako. Mimi hukunisalimu, ulinigawa tu. Ulimwuliza nani? Mimi ndiye niliyeapishwa pamoja nawe kanisani, na Mwalimu Micah aliniuliza kwanza, mbele ya watu, kama nataka. Yeye mgeni aliniuliza. Wewe mume wangu hukuniuliza. Hapo ndipo uliponiumiza, sio mikono.

Mikono niliililia siku mbili. Nililia kweli, nikienda shamba nikirudi. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukinishikia kuni nikifunga mzigo. Siwezi kukudanganya kwamba ni kitu kidogo. Nitakufunga vifungo, nitakulisha, na siku nyingine nitachoka na utaona usoni kwangu kwamba nimechoka, na wewe siku nyingine utanitukana. Najua. Mama anajua. Lakini mimi nimekaa mwaka nikitazama njia, na kila mtu aliyepita hakuwa wewe. Uchovu wa kukulisha siufahamu bado, huu wa kukungoja naufahamu, na siutaki tena.

Unasema hutaki nikuone hivyo. Mimi ndiye mwenye macho. Acha nichague cha kutazama.

Mwalimu Micah amekubali gari ikungoje stesheni ya Molo siku yoyote mtakayosema. Nitakuwa ndani. Usiposhuka kwenye gari moshi nitarudi nyumbani, na wiki inayofuata nitakuja tena, mpaka watu wa stesheni wanifahamu kwa jina.

Kipkorir, najua kusoma haya kwa sauti kumekugharimu, na umeyasoma yote kama ulivyosema. Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa. Sasa weka karatasi chini. Usimtazame usoni, mwache alie. Akimaliza, mvalishe koti, umlete.

Chepchirchir